Mnauliza, Tunajibu: Sakulenti za Dirishani

Barua za safari hii zinahusu sakulenti, ile mimea midogo yenye majani au mashina manene ya kuhifadhia maji, ambayo siku hizi imejaa kwenye madirisha na meza za ofisi. Waulizaji wengi wako Dodoma na mikoa ya jirani, kwa hiyo tumejibu kwa kuzingatia hali ya huku: mvua za Desemba hadi Aprili, kipupwe cha Juni na Julai, joto la Oktoba na Novemba, vumbi la kiangazi, na maji ya visima yenye chumvi.

*Salaam wataalamu. Nilinunua sakulenti tisa za aina tofauti nikazipanda zote kwenye bakuli moja pana la saruji. Chini niliweka kokoto, juu udongo mweusi wenye rutuba. Namwagilia kila Jumamosi bila kukosa. Huu mwezi wa tatu, nne zimeoza shina na nyingine zinafuata. Nakosea wapi?*
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Pole sana. Umezijali kwa moyo, na ndiyo maana inauma kuziona zinakufa. Tatizo kubwa ni udongo. Udongo mweusi wa mbuga ni mfinyanzi. Punje zake ni ndogo mno. Ukilowa hushikana na kutoa hewa yote, ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Mizizi ya sakulenti ni myembamba na inataka hewa kama inavyotaka maji. Ikilala kwenye tope siku kadhaa inaanza kufa, kuvu wanaingilia kwenye mizizi iliyokufa, kisha wanapanda shinani. Uozo unaouona leo shinani ulianza chini muda mrefu kabla hujauona.

Kokoto za chini nazo zimechangia, ingawa karibu kila muuza miche huzipendekeza. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Maana yake ni kwamba chini ya kila chungu huwa kuna tabaka la udongo lililojaa maji, na ukiweka kokoto unalisogeza tabaka hilo juu, karibu na mizizi. Chungu chenye kina cha sm 10 ukikijaza kokoto sm 3, mmea umebakiwa na sm 7, na sehemu ya chini ya hizo ndiyo chepechepe. Acha kokoto. Weka kipande cha wavu wa mbu juu ya tundu ili udongo usimwagike, basi.

Mchanganyiko unaofanya kazi hapa Dodoma bila kuagiza chochote mbali ni huu, ukipima kwa kopo moja hilo hilo: kopo moja la mboji iliyoiva na kuchekechwa, kopo moja la mchanga mnene wa korongoni, na kopo moja la matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Mchanga wa makorongo yetu umetokana na mawe ya graniti. Punje zake ni ngumu na zina pembe, kwa hiyo zinaacha nafasi ya hewa katikati. Upitishe kwenye chekeche ya unga. Kinachopita kitupe, kinachobaki juu ndicho unachokitaka, kisha kioshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke maangavu. Tofali liweke ndani ya gunia, uliponde kwa nyundo, uchague vipande vya mm 3 hadi 6. Ule unga wake usiuchanganye kwa sababu unaziba. Kabla ya yote loweka kipande cha tofali usiku mmoja: kikilainika au kumeguka, tofali hilo halikuiva na litakurudisha kwenye mfinyanzi ule ule. Mwenye kupata mawe mepesi ya volkano kutoka Mbeya atumie hayo badala ya tofali, ni bora zaidi.

Jaribu mchanganyiko kabla ya kupanda. Jaza chungu, ulowanishe mara moja, halafu mimina kikombe cha maji. Maji yazame papo hapo na yaanze kutoka chini. Yakituama juu mpaka ukahesabu kumi, ongeza nusu kopo la mchanga na ujaribu tena.

Bakuli la saruji si baya, ila likiwa jipya hutoa chokaa inayougeuza udongo. Liloweke wiki nzima ukibadilisha maji kila siku, na uhakikishe lina matundu mawili au matatu ya upana wa kidole. Lisilo na tundu ni la kuwekea matunda mezani.

Sasa suala la kuzipanda tisa pamoja. Mchanganyiko unapendeza machoni, lakini mimea hiyo haina kiu moja. Echeveria, Sedum, Graptopetalum na Crassula wanataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa nne hadi sita kila siku na maji ya kushiba kila udongo unapokauka. Haworthia na Gasteria wanataka mwanga mwingi usio na jua kali. Wakiunguzwa wanageuka wekundu na kujikunja. Kaktasi kama Mammillaria, pamoja na jamii ya Euphorbia, wanataka jua na maji machache zaidi. Ukiwamwagilia wote kwa kiu ya mmoja, unawaua wengine.

Tunachoshauri, na tunakisimamia, ni kila mmea uwe na chungu chake cha upana wa sm 6 hadi 8, kisha vyungu vipangwe pamoja kwenye sinia moja. Macho yataona bustani moja, wewe utamwagilia mmoja mmoja. Ukitaka bakuli la pamoja kwa lazima, chagua wa kundi moja tu na uache sm 3 kati ya mmea na mmea.

Waliobaki watoe leo. Kung'uta udongo wote na ukate mizizi ya kahawia iliyolegea. Shina likiwa limeoza, kata kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, ukipanda juu kidogo kidogo mpaka ndani uone rangi safi isiyo na duara wala doa la kahawia. Doa dogo ukiliacha, uozo utarudi. Paka jeraha salfa ya unga, ile ile wanayoitumia wakulima wa zabibu, laza mmea kivulini siku 5 hadi 7, kisha uusimamishe kwenye mchanganyiko mkavu. Maji subiri siku 10.

*Shikamooni. Naomba mniambie kwa kifupi: nimwagilie mara ngapi kwa wiki?*
*Mama wa watatu, Kikuyu, Dodoma*

Marahaba mama. Usihesabu wiki, pima udongo. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke pembeni ya chungu mpaka chini, ukiache dakika 10. Kikitoka na unyevu au chembe za udongo zilizoganda, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia polepole kuzunguka mmea mpaka maji yatoke chini; kwa chungu cha sm 8 ni kama mililita 100. Baada ya robo saa mwaga maji yaliyo kwenye kisahani. Usinyunyize kidogo kidogo kila siku, kwani hapo mizizi hubaki juu juu na ile ya chini hufa kwa ukame.

Ili uwe na pa kuanzia: chungu cha udongo dirishani mwezi Oktoba hukauka ndani ya siku 7 hadi 10, na Julai huchukua wiki mbili au tatu. Cha plastiki kinakaa na maji karibu mara mbili ya hapo. Wakati wa mvua ndipo watu wengi hupoteza mimea, kwa sababu hewa ina unyevu na mawingu yamepunguza mwanga lakini mkono umeshazoea ratiba ya Novemba.

Angalizo moja. Majani yaliyokunjamana yanaweza kumaanisha kiu, na pia yanaweza kumaanisha mizizi imeoza na haiwezi tena kunywa. Tofauti iko kwenye udongo. Majani yamekunjamana na udongo ni mkavu: mpe maji, atajaa ndani ya siku mbili tatu. Majani yamekunjamana na udongo umelowa: mtoe umkague mizizi siku hiyo hiyo. Na majani ya chini yakiwa ya njano, yanapitisha mwanga, na yanadondoka kwa kuguswa tu, hayo kwa kawaida ni maji yaliyozidi.

*Vyungu vyangu vinaota ukoko mweupe juu ya udongo na pembeni, na ncha za majani ya Haworthia zinakauka. Natumia maji ya kisima, nayachemsha kwanza ili yawe salama. Je, ni ugonjwa?*
*Msomaji, Nzuguni, Dodoma*

Si ugonjwa, ni chumvi. Maji ya visima vingi katika ukanda huu yana chumvichumvi na chokaa. Maji hupaa hewani, chumvi hubaki. Kila unapomwagilia unaongeza nyingine, mpaka inafika kiwango ambacho mizizi inashindwa kuvuta maji hata kama yapo. Ncha za majani ndizo huonyesha kwanza kwa kuwa ziko mbali na mizizi.

Kuchemsha kunaua vijidudu na kunapunguza sehemu ya chokaa, ile inayoganda ndani ya birika. Chumvi yenyewe haiondoki, bali inazidi kukolea kwa sababu maji yamepungua kwa mvuke. Kuyaacha maji usiku kucha kwenye ndoo wazi kunasaidia kupunguza dawa ya klorini ya maji ya bomba, lakini kwa chumvi hakufanyi lolote.

Dawa ni maji ya mvua. Sakulenti ndogo ishirini zinakunywa lita mbili kwa zamu moja, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 yaliyokingwa kwenye bati mwezi Februari yanakufikisha mbali sana kiangazi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati vumbi na kinyesi cha ndege, kinga ya baadaye. Hifadhi madumu gizani yakiwa yamefungwa. Yasipotosha, changanya nusu ya mvua na nusu ya kisima.

Kwa sasa kwangua sm 1 ya juu ya udongo pamoja na ukoko, weka mchanganyiko mpya. Kisha peleka chungu kwenye sinki na upitishe maji ya mvua ya ujazo mara tatu ya chungu, taratibu, yote yatoke chini. Rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu, ukichagua siku ambayo mmea ulikuwa unadai maji. Chungu cha udongo kilichojaa ukoko kiloweke usiku kwenye maji yenye siki, robo kikombe kwa lita moja, ukisugue kwa brashi na ukisuuze vizuri.

*Ofisi yetu iko Mtumba, ina kiyoyozi na vioo vyeusi. Nataka sakulenti chache mezani. Nichague zipi, na zikae wapi?*
*Mtumishi, Mji wa Serikali, Dodoma*

Jicho la binadamu linajirekebisha, kwa hiyo chumba kinachokutosha kusoma kinaweza kuwa giza kwa mmea. Pima hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, nyoosha mkono sm 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali kinatosha Echeveria na kaktasi. Kivuli kinachoonekana lakini kingo zimefifia kinatosha Haworthia na Gasteria. Kivuli kikikosekana, mahali hapo ni pa Sansevieria (yule wa majani marefu yaliyosimama kama panga) na Zamioculcas (yule wa majani ya kijani yanayong'aa) peke yao, nao watakuwa wanavumilia tu, hawakui. Hawa wawili wana asili ya Afrika, na Zamioculcas anaota mwenyewe porini katika Afrika Mashariki, ikiwemo Tanzania. Ni mimea migumu kweli.

Kuhusu dirisha, jiografia yetu ina jambo lake. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na mwezi Juni huinama karibu nyuzi 30 kutoka utosini, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua zuri kipindi cha kipupwe. Miezi iliyobaki jua hupita kusini, lakini juu sana, na ukingo wa paa hulizuia. Dirisha la mashariki ndilo la kutegemea mwaka mzima, maana jua la saa moja mpaka saa nne asubuhi lina nguvu bila kuunguza. La magharibi linafaa kaktasi. Mwezi Oktoba weka pazia jepesi mchana.

Kioo cheusi hupunguza mwanga kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo sogeza vyungu mpaka sm 30 kutoka kiooni. Visikae chini ya mdomo wa kiyoyozi. Ijumaa jioni acha mapazia wazi, la sivyo mimea inakaa gizani siku mbili na nusu kila wiki. Ikiwa dirisha liko mbali, taa nyeupe ya LED ya wati 15 hadi 20, ikining'inia sm 25 hadi 30 juu ya mimea kwa saa 12 kila siku, inalea Echeveria vizuri bila jua kabisa. Na katika chumba cha baridi chenye mwanga mdogo udongo hukauka polepole, hivyo maji kila wiki tatu au nne yanaweza kutosha. Kijiti cha mshikaki ndicho kitakachosema.

*Echeveria wangu alikuwa amefunga majani vizuri, sasa amerefuka shingo na majani yameachana. Ni hosteli, dirisha ni moja. Anaweza kurudi alivyokuwa?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Shingo iliyorefuka hairudi nyuma, lakini unaweza kumkata ukampata mpya, tena si mmoja. Amerefuka kwa kutafuta mwanga, kwa hiyo tatua hilo kwanza, vinginevyo baada ya miezi miwili mtakuwa mmerudi pale pale.

Ng'oa majani ya chini kwanza. Shika jani karibu na shina, lipeleke kulia na kushoto mpaka liachie lenyewe na kitako chake kizima. Jani lililokatika katikati halichipui, kwa sababu seli zinazozaa mmea mpya ziko kwenye kile kitako. Kisha kata kichwa kwa wembe safi, ukiacha shina la sm 2 hadi 3 chini yake. Kichwa na majani viweke kivulini penye hewa juu ya karatasi. Majani siku 3 zinatosha. Kichwa kipe siku 5 mpaka wiki, jeraha likauke kabisa na kuwa gumu ukiligusa.

Kichwa kisimamishe kwenye mchanganyiko mkavu. Mizizi hutoka baada ya wiki mbili hivi. Ukikivuta kidogo na kikakatalia, ndipo umwagilie. Majani yalaze tu juu ya mchanganyiko, usiyafukie. Baada ya wiki mbili mpaka nne utaona vinyuzi vya waridi, ndiyo mizizi, halafu kichanga cha ukubwa wa punje ya mtama. Hapo nyunyiza kila baada ya siku 3 hadi 4. Jani mama usiling'oe, liache linyonywe mpaka likauke. Yatakayooza yatoe mapema, na usivunjike moyo, hayaoti yote. Shina lililobaki chunguni nalo lisitupwe: liendelee kupata maji na mwanga, mara nyingi linatoa vichwa viwili au vitatu vipya.

Ukiuhamishia mmea juani, mzoeshe. Anza na jua la asubuhi kwa muda wa saa moja na uongeze nusu saa kila siku ya tatu. Ukimtoa gizani na kumweka juani siku moja, ataungua madoa meupe au ya kahawia, na kovu hilo linabaki mpaka jani lifie.

*Kuna vitu vyeupe vya nyuzinyuzi kwenye makwapa ya majani ya Crassula, na sisimizi wanapanda na kushuka. Nimewamwagia maji ya sabuni ya unga, majani yamepata madoa na vitu vimerudi.*
*Msomaji, Singida mjini*

Hao ni vidung'ata. Wanafyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, na sisimizi wanayafuata hayo. Kwa malipo sisimizi wanawalinda vidung'ata na hata kuwahamisha toka chungu kimoja kwenda kingine. Usipoondoa sisimizi utapigana mpaka uchoke. Weka miguu ya meza au sinia juu ya vikopo vyenye maji na tone la sabuni.

Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno kwa majani, iache. Tenga mmea mbali na wenzake. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya asilimia 70 umguse kila mdudu mmoja mmoja. Ile nta nyeupe itayeyuka na mdudu atageuka kahawia. Fanya jioni, mmea usiwe juani. Siku inayofuata pulizia maji yenye sabuni laini ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita, ukilenga makwapa na chini ya majani, na baada ya saa moja usuuze kwa maji safi. Jaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri siku mbili.

Walirudi kwa sababu mayai yao yanakaa ndani ya zile nyuzi na hayafi kwa mara moja. Rudia kila siku ya saba, mara nne. Ukiruka wiki moja kizazi kipya kinakomaa na kutaga. Mafuta ya mwarobaini pia yanafaa, lakini si kwa Echeveria mwenye unga wa kijivu juu ya majani. Unga huo ni nta inayomkinga na jua, mafuta yanauondoa, na jani lililokomaa haliutengenezi tena. Kwa sababu hiyo hiyo, vumbi la kiangazi lipeperushe kwa brashi laini ya rangi na usilifute kwa kitambaa.

Mmea ukiendelea kudhoofu huku juu ni safi, mng'oe uone mizizi. Kuna vidung'ata wanaoishi humo, na dalili yao ni unga mweupe wenye rangi ya samawati kidogo kwenye mizizi na ukutani mwa chungu. Tupa udongo wote mbali, osha mizizi kwa maji ya bomba, kausha siku 3, sugua chungu kwa maji ya moto, panda upya. Mmea wowote mpya ukae peke yake wiki tatu kabla ya kuungana na wengine.

*Nilikata jani la Sansevieria lenye kingo za njano nikalipanda. Limechipua, lakini watoto wote ni kijani kitupu. Nimeuziwa feki?*
*Msomaji, Kongwa*

Hapana, hukudanganywa. Mstari wa njano uko kwenye tabaka moja tu la seli za jani, na kichipukizi kinachozaliwa kutoka kwenye kipande cha jani hakilibebi tabaka hilo. Ukitaka kingo za njano gawanya mzizi wenyewe: toa mmea chunguni, tafuta lile shina nene la chini lenye chipukizi, ukate kipande chenye angalau majani mawili na mizizi yake, ukaushe siku 3, upande. Hao wa kijani usiwatupe, ni wagumu kuliko mama yao. Na mara nyingine ukipanda kipande cha jani, ncha iliyokuwa chini ibaki chini, ikigeuzwa haitoi mizizi.

*Naweza kutumia samadi ya kuku?*
*Mkulima, Mpwapwa*

Kwa mahindi sawa, kwa sakulenti hapana. Ina naitrojeni nyingi inayounguza mizizi, na majani yanavimba yakawa laini, yanapasuka na kuvutia wadudu. Urea vivyo hivyo. Samadi ya ng'ombe iliyoiva mwaka mzima inaweza kuwa sehemu moja katika kumi ya mchanganyiko. Zaidi ya hapo, gramu moja ya mbolea ya NPK 17:17:17, yaani robo kijiko cha chai, iliyeyushwe kwenye lita moja ya maji, mara mbili kwa mwaka wakati mmea unakua, juu ya udongo ambao tayari una unyevu.

*Nina mtoto wa miezi kumi anayetambaa na kuweka kila kitu mdomoni. Zipi ni hatari?*
*Mama, Ipagala, Dodoma*

Tunashukuru umeuliza mapema. Hatari ya kwanza ni jamii ya Euphorbia, ikiwemo mnyaa. Maziwa yake yanachoma ngozi na yanaweza kuumiza jicho vibaya. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali bila kusubiri uone itakuwaje. Waridi la jangwani, Adenium, lisikae nyumbani kwako kwa sasa: utomvu wake unadhuru moyo na umetumika Afrika Mashariki kutengenezea sumu ya mishale. Kalanchoe pia ina sumu ya moyo, hata mbuzi na ng'ombe hudhurika wakiila. Zamioculcas inawasha mdomo na koo. Sansevieria na Crassula zinaweza kuleta kutapika, na maji ya njano yaliyo chini ya ganda la shubiri huharisha.

Wanaobaki ni wengi na wazuri: Haworthia, Gasteria, Echeveria, na Sedum ile inayoning'inia kama mkia. Hata hao waweke juu, kwa sababu changarawe za juu ya chungu zinatosha kumkaba mtoto. Mtoto akishakula mmea wowote usioujua, usimtapishe. Mpeleke kituo cha afya ukiwa na kipande cha mmea huo mkononi.

*Nimenunua Lithops wawili, ile mimea inayofanana na mawe. Wamepasuka katikati na naona jozi mpya ndani. Niwape maji zaidi?*
*Msomaji, Manyoni*

Usiwape hata tone. Jozi mpya inanyonya maji ya jozi kuukuu, na ukimwagilia wakati huu ya zamani inabaki imejaa, inaikaba mpya, na mmea unapasuka au kuoza. Subiri mpaka majani ya zamani yakauke kabisa na kuwa ganda jembamba, hata ikichukua miezi miwili au mitatu. Baadaye maji kidogo, ukishaona ubavu una mikunjo. Udongo wao uwe na mchanga na tofali sehemu nne na mboji sehemu moja, chungu kiwe na kina cha sm 10 kwa sababu mzizi wao ni mrefu.

*Kwenye milima ya mawe kwetu kuna shubiri pori na mimea mingine ya aina hii, mizuri kuliko ya kununua. Kuna ubaya nikiing'oa niipande ndani?*
*Msomaji, Kondoa*

Uzuri huo ni wa kweli na unastahili kuachwa uendelee. Mmea mkubwa wa mlimani umesukuma mizizi kwenye nyufa za mawe kwa miaka mingi. Ukiung'oa unakata karibu yote, na ukiuingiza ndani unaupunguzia jua ghafla. Mara nyingi unakufa polepole, na mlimani pamebaki shimo. Aina zingine huota eneo dogo sana, kwa hiyo gunia moja la mimea linaweza kuwa hasara kubwa. Jua pia kwamba shubiri zote isipokuwa Aloe vera, pamoja na Euphorbia nyingi za aina hii, zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuzitoa nje ya nchi kunahitaji kibali.

Kwa ridhaa ya mwenye eneo, au ya kijiji, chukua mbegu au kichipukizi kimoja pembeni ya mama mwenye vichipukizi vingi, na usiguse mama mwenyewe. Chagua chenye urefu wa sm 8 hadi 12 na mizizi yake miwili mitatu. Kikate kwa kisu, kikaushe kivulini siku 5, kipande bila maji kwa wiki moja, kisha kiweke dirisha la mashariki. Mbegu zipande mara tu vidonge vinavyozibeba vinapokauka na kuanza kufunguka: zitawanye juu ya mchanga uliochanganywa na mboji, zifunike kwa mm 2 za mchanga, weka sinia ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Zikianza kuota, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne, fungua mfuko kidogo kidogo kila siku mpaka miche izoee hewa ya nje.